Figo ya Waceke Ukutani

Jumapili, 2 Machi 2025

Chakula cha mchana kwa Mama, Thika. Pilau, kachumbari, na Waceke.

Kyengo amemleta tena, mchumba wake. Ndugu yangu ana digrii ya uhandisi na bado hajui kuchagua mtu. Huyu ana duka la vipodozi Ruiru, karibu na stage ya matatu — makopo mpaka darini, kila kopo linaahidi uso wa mtu mwingine. Na tangazo la duka ni yeye mwenyewe. Uso unang'aa kama sufuria mpya, viungo vya vidole vimebaki vyeusi. Hapo hata cream hushindwa.

Leo nimeangalia macho. Yamefura. Si ya kulia, si ya kukosa usingizi. Na alipovua viatu sebuleni, soksi zilikuwa zimechimba mtaro kwenye miguu.

Mama akanivuta jikoni, anacheka peke yake. Ananong'ona: ni mimba. Ameshaanza kuhesabu miezi. Nikamwambia mimba huonekana tumboni, si kwenye kope. Hasikii. Mwanamke alifundisha hesabu maisha yake yote na hataki kusikia.

Basi mezani nikamuuliza Waceke: mkojo wako una povu?

Kyengo akaweka kijiko chini. Akasema mimi ni mtu wa ajabu, watu wanakula. Lakini Waceke akajibu, polepole, kwamba ndiyo, una povu, alidhani ni ile dawa anayooshea choo. Nikamwambia aende hospitali kesho asubuhi. Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikaongeza kwamba akifika huko awaambie pia anajipaka rangi ya ukuta.

Mama akasema, "Mbula." Jina tu. Kwa Mama hilo ni tusi zima.

Nimerudi Ruiru na pilau yangu kwenye mkebe. Wengine hawakupewa, walibaki wakila.


Jumanne, 4 Machi

Kazini. Kituo chetu cha utafiti kina hadubini moja ya maana na watu wengi wa kupigwa picha nayo.

Leo ilikuwa zamu ya Prof Gachanja, mkuu wetu. Lynn wa mawasiliano alikuja na kamera na taa. Prof amenunua koti jipya jeupe, bado lina mistari ya kukunjwa. Akakaa kwenye hadubini, akakunja uso, akaangalia ndani kama mtu anayeona hatima ya taifa. Hadubini ilikuwa imezimwa. Lynn anamwambia, "Prof, smile kidogo." Prof anasmile kwenye giza.

Halafu Lynn akamuuliza inafanyaje kazi. Akasema, "Inakuza sana."

Inakuza sana. Miaka mitatu ya kazi yangu hiyo.

Basi niandike hapa, maana hakuna anayeniuliza. Figo inachuja damu kwenye vifundo vidogo vya mishipa. Mishipa hiyo imekumbatiwa kwa nje na seli zenye vidole, vidole vya huyu vimeingiana na vya yule, na kati ya kidole na kidole kuna upenyo. Maji na taka zipite, protini ibaki. Upenyo ukiharibika protini inamwagika kwenye mkojo, ndipo povu, na maji yanabaki mwilini, ndipo kufura. Hadubini ya kawaida ya hospitali haiuoni upenyo huo. Sisi tunachukua kipande cha figo, tunakitia kwenye jeli, jeli inanyonya maji na kuvimba, na kipande kinavutwa nayo pande zote mpaka vidole vinaachana. Tumeshakipaka rangi zinazowaka. Tunapiga leza. Unaona kila kidole.

Ni kitu kizuri kuliko mtu yeyote anayefanya kazi hapa.

Prof huita mpango huu "maono yangu".


Jumamosi, 8 Machi

Kyengo amepiga. Si mimba. Mkojo umejaa protini. Waceke amelazwa hospitali moja huko Thika na jana walimchoma sindano mgongoni kutoa kipande cha figo.

Hakusema nilikuwa sahihi. Nilisubiri. Alisema tu, "Daktari anaitwa Nekesa. Unamjua?" Nikasema simjui. Akasema, "Basi." Akakata.


Jumatano, 12 Machi

Majibu ya hospitali: hawakuona kitu. Kwa hadubini yao figo ni nzima, kwa hivyo wamechukulia ni ule ugonjwa wa figo usioonekana kwa hadubini ya kawaida, wakampa steroid za kutuliza kinga ya mwili. Ni kama fundi aliyeangalia nje ya redio akasema haina shida, labda ni betri.

Nilipomwambia Kyengo hivyo kwa simu, akasema Dr Nekesa ni mtu mzuri. Sikuuliza kama ni mzuri.

Kitu kimoja cha maana: Waceke alikubali kipande kilichobaki kitumike kwa utafiti. Vipande huletwa kwetu vikiwa na namba, bila jina. Sheria nzuri. Lakini kutoka Thika wiki hii kimekuja kimoja tu, mwanamke, umri uleule wa Waceke. Sikutafuta kujua. Siwezi kusahau hesabu.


Ijumaa, 14 Machi

Kiko kwenye jeli. Kinavimba. Mwenyewe naye, Kyengo anasema, anavimba — ugonjwa umempa mashavu ya mviringo, dawa zimempa hasira. Ametoka hospitali, amefungua duka hivyohivyo. Anajipaka zaidi ili kuficha.

Bila shaka anajipaka zaidi.


Jumatatu, 17 Machi

Nimeona.

Nilikuwa peke yangu, chumba kimezimwa taa. Vidole vimelala. Havikuingiana tena, vimetandazwa kama unga uliomwagika. Hiyo nilitarajia. Lakini kwenye ukuta wa mshipa, upande wa nje, kote, kuna chembechembe. Rangi yake nilichagua kijani. Mshipa mzima umenyunyiziwa kijani. Hizo ni kingamwili za mwili wake mwenyewe, zimekwama hapo. Huo si ule ugonjwa usioonekana. Unaonekana. Wao ndio hawakuona.

Nikajaribu rangi ya pili, ya kutafuta protini moja ambayo miaka hii imeonekana sana kwenye figo za watu wanaojipaka cream za kung'arisha zenye zebaki. Ikawaka. Chembe juu ya chembe.

Peke yake si ushahidi kamili, protini hii huonekana kwa sababu nyingine pia. Lakini weka picha hii kando ya uso wa Waceke.

Niseme ukweli, maana ni hapa tu: kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Nilisema! Nilisema mwaka mzima! Nikasimama, nikazunguka kiti.

Halafu nikaketi. Anajipaka zaidi ili kuficha. Na steroid anazomeza ni za ugonjwa mwingine.


Jumanne, 18 Machi

Nimeenda kwa Prof na picha. Akaishika mbali na macho, akasema, "Beautiful." Nikamwambia mgonjwa huyu anatibiwa vibaya na yuko kilomita chache kutoka hapa. Akaniuliza nimejuaje ni nani. Nikamweleza. Akavua miwani.

Hotuba ikaanza. Matokeo ya utafiti hayapelekwi kwa mgonjwa. Kuna kamati. Kamati itakaa Aprili. Tukianza kupigia madaktari simu, kituo kitafungwa, mimi na yeye tutauza viazi. Mambo mengine ni ya kweli, ndiyo maana yanakera. Mjinga mtupu ningemvumilia.

Nikiwa mlangoni akaniita. Nikadhani amebadilisha nia.

"Hii kijani," akasema, "inaweza kuwa kubwa ya ukutani? Wageni wanakuja Alhamisi."


Alhamisi, 20 Machi

Wageni. Suti, samosa, maji ya chupa. Picha ya Waceke imejaa ukuta mzima wa ukumbi, urefu wa mtu. Lynn ameiandikia chini: "Kuona Yasiyoonekana." Bibi mmoja wa wafadhili akasema inafanana na bustani usiku. Prof akacheka, akasema figo ni bustani, akaendelea na bustani mpaka samosa zikapoa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni ya nani na kama anaendelea vizuri. Mtu mmoja aliuliza kama wanaweza kupata nakala ya ofisini.

Nikatoka hadi kwenye maegesho nikampigia Dr Nekesa.

Nilikuwa nimejiandaa kumdharau. Akanisikiliza bila kunikatiza. Akauliza, "Anajipaka nini?" Nikamwambia. Akasema hakumuuliza. Hakujitetea. Akasema hawezi kubadilisha dawa kwa neno la simu kutoka kwa mtu asiyepaswa kumpigia, lakini kuna kipande kingine kimebaki hospitalini, atakituma Nairobi kipakwe rangi upya, kwa jina la mgonjwa, kihalali. Na zebaki atapima kwenye mkojo. "Lakini kuacha cream," akasema, "hakuhitaji karatasi. Hiyo mwambie leo. Wewe ni wifi yake."

Mtu wa kwanza mwezi huu kusema kitu chenye akili. Nilikasirika kidogo kwamba halikuwa wazo langu. Na sijazoea hilo neno la wifi.


Ijumaa, 21 Machi

Kamakis. Kyengo alichagua mahali — anaamini nyama choma inatuliza watu. Waceke amekuja na miwani mikubwa ya jua na kofia ya sweta. Uso umejaa mpaka shingo imepotea. Mhudumu akaleta mbavu kwenye ubao, akakata, akatuangalia, akaondoka haraka.

Nikasema yote, kwa lugha rahisi. Chembe. Ukuta wa mshipa. Zebaki. Nikamaliza: "Ni cream. Iache leo."

Kyengo akaanza kucheka, vibaya. "Kabla augue ulisema ni cream. Alipofura ukasema ni cream. Hata angevunjika mguu, Mbula, ungesema ni cream."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona nini? Tuonyeshe."

"Siruhusiwi."

"Haya basi."

Waceke hakuwa amegusa nyama. Akaniuliza, "Krismasi, mbele ya shangazi zenu, uliniita nini?"

Nikasema sikumbuki.

"Chapati mbichi."

Akalisema bila hasira, kama mtu anayesoma bei. "Watu wote walicheka. Hata Kyengo alicheka. Mimi pia nilicheka, nifanye nini. Sasa leo unakuja unaniambia uso wangu unaniua, na unataka nikuamini. Daktari aliye na mashine aliniambia figo ni sawa. Wewe huna kitu mkononi. Una mdomo tu."

Wakaondoka. Kyengo alirudi kuchukua funguo za gari mezani na hakuniangalia.

Lilikuwa jina zuri, chapati mbichi. Nilijua ni zuri nilipolisema. Nimekaa na mbavu za watu watatu nikijaribu kuona kama bado ni zuri. Sikumaliza hata ubavu mmoja. Nikafungiwa nyama kwenye karatasi kama mtu anayepelekea mbwa.


Jumapili, 23 Machi

Sikwenda Thika. Mama amepiga baada ya kanisa. Anasema nimemfukuza msichana wa watu. Anasema harusi ikivunjika nitaieleza mimi kwa ukoo. Anasema nina elimu nyingi na hakuna mtu anayetaka kukaa karibu nayo.

Nikamuuliza kama amemaliza. Alikuwa amemaliza.


Jumatatu, 24 Machi

Dr Nekesa amefuata njia ya kihalali kwetu pia: ameandikia kituo rasmi, anaomba matokeo ya mgonjwa wake. Prof akasoma barua mbele yangu, akaniangalia juu ya miwani, akasema inashangaza jinsi daktari huyo alivyojua tuna matokeo. Nikasema inashangaza kweli. Akaiweka kwenye trei ya kamati. Aprili.

Picha bado iko ukumbini. Watu wanapigia selfie hapo.


Jumanne, 25 Machi

Askari wa lango alipiga: kuna mwanamke anakuuliza, amefura.

Waceke. Peke yake, na begi. Hakunisalimia. Akasema, "Nionyeshe."

Nikamwambia hairuhusiwi. Akasema anajua, Kyengo amemweleza, lakini hiyo figo si ya Prof. Nikachukua kadi ya mlango. Prof alikuwa Nairobi mkutanoni. Nikampitisha mlango wa nyuma ili asione ukumbi.

Nikamkalisha kwenye kiti changu. Kwanza nikafungua figo nzima, ya mtu mwingine. Akasogea karibu na skrini.

"Ni kama zipu," akasema.

"Ndiyo. Meno yameingiana."

Nikafungua yake. Akaangalia muda mrefu. Akavua ile miwani ya jua, akaangalia tena.

"Hii imeyeyuka."

"Imelala. Meno hayajaanguka. Yanaweza kusimama."

"Na hizi kijani?"

Nikamweleza tena yale ya Kamakis, lakini safari hii nilienda pole, na aliuliza, na nikajibu alichouliza tu. Kwamba zebaki inapita kwenye ngozi. Kwamba mwili unapigana na kitu na vumbi la vita linakwama kwenye kichujio. Akauliza, "Inarudi?" Nikasema kwa wengi inarudi, wakiacha. Inachukua miezi. Akauliza kama atapata watoto. Nikasema hilo amuulize Dr Nekesa, anajua kuliko mimi. Akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Labda hajawahi.

Hakulia. Akafungua begi akatoa kopo jeupe, halina jina la mtengenezaji, akaliweka mezani pangu mbali na hadubini, kwa adabu. "Hii ndiyo nachanganya mwenyewe. Hii ndiyo inatoka sana." Nikaandika namba juu yake, nitaipeleka mahali ikapimwe. Akasema duka amelifunga asubuhi. Amewaambia majirani ni mazishi.

Nikamwambia hilo lilikuwa jambo la — nikatafuta neno. Nikasema, "Sawa."

Halafu akabaki ameketi. Anafunga begi, anafungua.

"Kuna wateja," akasema.

"Wapigie. Wote."

"Nimepigia wengi. Kuna mmoja sijui nimwambie vipi." Akaangalia skrini, si mimi. "Mama yenu."

Nikasema Mama yupi.

"Tangu Januari. Kopo kama hilo. Anataka awe sawa kwa picha za harusi, anasema atasimama kando ya mama yangu na mama yangu ni mweupe. Alinikataza nisikwambie. Alisema utamcheka."

Mashine ile ina feni. Sikuwahi kugundua ina kelele kiasi gani.


Jumatano, 26 Machi

Thika. Nimechukua ruhusa.

Mama alifungua mlango akiwa na leso kichwani mpaka kwenye nyusi, ndani ya nyumba. Akasema leo si Jumapili. Nikasema najua. Nikamwomba akae, nikapiga magoti, nikabonyeza mguu wake juu ya kifundo kwa kidole gumba. Nikatoa kidole. Shimo likabaki. Sote wawili tukaliangalia.

"Ni kusimama kanisani," akasema.

Sikutaja cream. Nilikuwa nimejiambia njia nzima nisitaje. Nikasema nataka mkojo kidogo tu, nikampa kikombe chenye kifuniko. Akakigeuzageuza. Akasema mimi nimekuja kumpima kama panya wetu wa huko. Akasema Waceke ana mdomo. Kisha akasimama, akaenda nacho.

Nimeketi kwenye stuli nje ya mlango wa choo. Naandika gotini ili mikono iwe na kazi.

Amekaa sana.

Sasa nasikia mfereji wa maji. Si wa kunawa. Unafunguliwa kidogo, unafungwa. Kimya. Unafunguliwa tena, kidogo zaidi. Anapima. Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa akina mama kanisani, yuko humo anaongeza maji kwenye kikombe ili binti yake asione kitu.

Nina maneno ya jambo kama hili. Yamekuja yenyewe, yamejipanga, ni mazuri sana.

"Mbula? Bado uko hapo?"

"Niko, Mama."

"Nenda ukae sebuleni."

"Mama, hicho cha kwanza huwa tunamwaga." Si kweli. "Ni cha kusafisha njia. Tunatumia cha pili. Nilisahau kukwambia."

Choo kimevutwa maji.

"Kwani nyinyi mnasomea nini huko?" anasema.

"Sijui, Mama. Nina kikombe kingine hapa."

Kitasa kimezunguka. Mlango umefunguka kiasi cha mkono kupita. Mkono umetoka, umefunguliwa, unangoja. Nimeweka kikombe ndani yake na vidole vyake vimeshika vyangu kidogo kabla ya kuchukua.

Mkono umerudi ndani. Mlango hajaufunga.